Nafasi za uzamivu katika sayansi na teknolojia: nianze na andiko, msimamizi au fedha?

Mwanakemia

Ndugu zangu, habari za kazi.

Nimemaliza shahada ya uzamili ya kemia, na tasnifu yangu ilihusu betri za ioni za sodiamu. Nusu ya kazi niliifanya maabara, na nusu nyingine ilikuwa ya kuiga mwendo wa ioni kwa kompyuta. Sasa natafuta nafasi ya uzamivu, na kadiri ninavyosoma matangazo ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Tangazo moja linataka andiko kamili la utafiti. Jingine linasema mada imekwisha kupangwa na kinachotakiwa ni wasifu na barua ya kueleza nia tu. La tatu halitaji mada wala msimamizi, bali linaalika watu wajiunge na shule ya uzamivu kwanza na kuchagua baadaye. Yapo yanayoitwa ajira, yapo yanayoitwa ufadhili, na yapo ambayo hata nikiyarudia sielewi ni nani hasa atakayelipa.

Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, mtu aanze kuandika andiko, aanze kumtafuta msimamizi, au aanze kutafuta fedha? Pili, kwa mtu ambaye mguu mmoja uko maabara na mwingine uko kwenye kompyuta, ni busara kuomba katika fani moja tu au kutawanya maombi? Ningependa kusikia kutoka kwa waliopita njia hii au wanaosimamia wanafunzi, maana ushauri wa "usikate tamaa" nimeushiba.

Mlezi wa Maabara

Ndugu Mwanakemia, matangazo hayo matatu yanakuchanganya kwa sababu yanatoka katika mifumo mitatu tofauti ya uzamivu, na jibu la swali lako la kwanza hubadilika kulingana na mfumo.

Mfumo wa kwanza ni wa ajira. Msimamizi aliomba ruzuku, akaipata, na ndani ya ruzuku hiyo imo fedha ya kumlipa mtu mmoja au wawili wa uzamivu. Swali la utafiti liliandikwa na kupitishwa na mfadhili kabla wewe hujasikia habari zake, ndiyo maana hutakiwi kuleta andiko lako. Ukilileta utaonekana hukusoma tangazo. Unaomba kama mtu anavyoomba kazi yoyote, na kinachopimwa ni kama unaweza kuifanya kazi ile mahsusi. Mfumo huu umeenea sana Uholanzi, Uswisi, Ujerumani na nchi za Skandinavia. Muda hutofautiana: Denmark kwa kawaida ni miaka 3 baada ya uzamili, Uholanzi ni 4, na mara nyingi mkataba wa kwanza ni wa mwaka mmoja au mwaka na nusu, kisha kazi yako inatathminiwa ndipo unaongezewa, Norwei ni miaka 3, au 4 ikiwa robo ya muda wako imetengwa kwa kufundisha na majukumu mengine ya idara, Uswidi ni miaka 4 ya masomo, ambayo hufika 5 kwa anayefundisha. Ujerumani mshahara hufuata daraja la E13 katika ngazi za mishahara ya umma, lakini lazima uangalie ni asilimia ngapi ya daraja hilo unapewa. Katika baiolojia ni kawaida kukuta mkataba wa karibu theluthi mbili, ilhali katika uhandisi na kompyuta hutolewa mshahara kamili mara nyingi zaidi, kwa kuwa viwanda vinawagombania watu hao na chuo kikilipa nusu hakitampata mtu. Saa za kazi maabara, niseme ukweli, hazipungui kwa sababu mkataba ni wa theluthi mbili.

Mfumo wa pili ni wa ufadhili unaobebwa na mwombaji mwenyewe. Hapa ndipo penye DAAD ya Ujerumani, ufadhili wa MEXT wa Japani, ule wa Jumuiya ya Madola kwa wanaokwenda Uingereza, na Fulbright kwa Marekani. Mfadhili hana mada. Anataka kukuona wewe na mada yako. Kwa hiyo andiko linakuja kwanza, barua ya msimamizi anayekubali kukupokea inafuata, na fedha ndiyo ya mwisho. Soma masharti ya umri wa shahada: programu nyingi za DAAD hutaka shahada yako ya mwisho iwe imepatikana ndani ya miaka 6 kabla ya kuomba. Kwa Japani usishangae ukiambiwa uanze kama mwanafunzi-mtafiti kwa kipindi fulani kabla ya kufanya mtihani wa kuingia uzamivu wenyewe. Huo ni utaratibu wao wa kawaida, na haumaanishi umekataliwa.

Mfumo wa tatu ni wa shule ya uzamivu. Unakubaliwa kwanza na taasisi, unasoma kozi, unapita katika maabara kadhaa kwa miezi michache kila moja, kisha unachagua msimamizi naye anakuchagua. Vyuo vingi vya Marekani hufanya hivi, hasa katika sayansi za uhai, na huko unaweza kuingia ukiwa na shahada ya kwanza tu, ingawa safari nzima huchukua miaka 5 au 6. Taasisi za utafiti za ISTA huko Austria na OIST huko Okinawa, Japani, zimejengwa juu ya mfumo huu tangu mwanzo. OIST haina idara kabisa, na katika mizunguko ya mwaka wa kwanza unatakiwa kupita pia katika maabara iliyo nje ya fani yako. Kwa mtu mwenye miguu miwili kama wewe, mfumo huu una faida yake: hulazimiki kuamua leo kama wewe ni mtu wa majaribio au wa kuiga kwa kompyuta.

Jambo moja ambalo matangazo hulitaja kwa maandishi madogo: si kila taasisi inayopokea watu wa uzamivu hutoa shahada. Taasisi za utafiti za Max Planck za Ujerumani, maabara ya baiolojia ya molekuli ya EMBL yenye makao makuu Heidelberg, na kituo cha utafiti wa chembe cha CERN hazitoi shahada kwa majina yao. Shahada hutolewa na chuo kikuu unachosajiliwa. Huko CERN nafasi za uzamivu zenyewe ni za fizikia tumizi, uhandisi na kompyuta, si za fizikia ya chembe, na zaidi huwaendea raia wa nchi wanachama, huku nafasi za wengine zikiwa chache. Kabla ya kusaini popote, uliza umesajiliwa wapi, nani atakaa kwenye baraza la utetezi wa tasnifu, na kama chuo hicho kinautambua uzamili wako. Nimeona watu wakifanya kazi nzuri mwaka mzima huku usajili wao umekwama kwa sababu ya karatasi ya kidato au tafsiri ya cheti.

Binti Algoriti

Nakubaliana na mgawanyo wa Mlezi, ila upande wa kompyuta mambo yana sura nyingine kidogo, na kwa kuwa nusu ya kazi yako ni ya kuiga kwa kompyuta, nadhani ni vyema uyafahamu.

Katika kemia, makala yako ikitoka kwenye jarida zuri imetosha. Katika ujifunzaji wa mashine, makala za mikutano kama NeurIPS na ICML ndizo zenye uzito, na siku hizi waombaji wengi wa nafasi za akili bandia tayari wana makala moja au zaidi katika mikutano hiyo kabla hata ya kuanza uzamivu. Msongamano umekuwa mkubwa mno. Ushauri wangu, na najua wengine hawataupenda, ni kwamba mtu asiye na makala za aina hiyo asigonge mlango wa mbele. Agonge wa pembeni: takwimu, hisabati ya uboreshaji, modeli za tabianchi, baiolojia ya kikokotozi, au kwako wewe, ujifunzaji wa mashine kwa ajili ya kutabiri tabia za vifaa vya betri. Huko wanaojua kanuni za mashine ni wengi, wanaojua kemia ni wengi, lakini wanaojua kwa nini modeli imetabiri kitu ambacho kikemia hakiwezekani ni wachache. Utashindana na watu wachache, na kazi yenyewe si ya daraja la chini.

Ulaya pia kuna ELLIS, mtandao wa watafiti wa ujifunzaji wa mashine, ambao huita maombi ya uzamivu mara moja kwa mwaka kupitia dirisha moja. Mwanafunzi hupata wasimamizi wawili katika nchi mbili tofauti na hutakiwa kukaa kwa muda kwa yule wa pili. Ushindani wake ni mkali, lakini ombi moja linasomwa na wasimamizi wengi, jambo ambalo ni nafuu kuliko kuandika maombi ya kila chuo.

Kuhusu Marekani, ada ya masomo na posho kwa kawaida hulipwa na chuo, nawe unafanya kazi ya kufundisha au ya utafiti. Tarehe za mwisho nyingi huangukia Desemba kwa ajili ya kuanza Agosti au Septemba inayofuata. Ada ya kuomba ipo, lakini vyuo vingi vina utaratibu wa kuisamehe, na maombi ya msamaha hufungwa mapema kuliko maombi yenyewe, kwa hiyo usisubiri wiki ya mwisho. Tusifichane pia: mwaka 2025 vyuo kadhaa huko vilipunguza idadi ya wanafunzi wapya wa uzamivu kwa sababu ya kuyumba kwa fedha za utafiti za serikali kuu, kwa hiyo kuweka maombi yote katika nchi hiyo moja si hesabu nzuri kwa sasa.

Ninapotofautiana na Mlezi ni hapa: anasema ukileta andiko kwenye nafasi ya ajira utaonekana hukusoma tangazo. Andiko kamili, sawa. Lakini aya moja ndani ya barua ya nia, inayosema ungeanza na jaribio gani katika mradi huo na kwa nini, ndiyo mara nyingi humtoa mtu kwenye rundo la maombi mia moja yanayofanana.

Mpekuzi wa Masharti

Nitasema machache, kwa kuwa haya ndiyo yanayowaangusha watu wenye sifa zote.

Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayolipwa na Umoja wa Ulaya, iko wazi kwa watu wa uraia wowote, lakini ina sharti la uhamaji: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa, usiwe umeishi au kufanya shughuli zako kuu kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya taasisi itakayokuajiri. Aliyesoma uzamili wa miaka miwili katika nchi fulani na kubaki hapo, kwa nchi hiyo amejifungia mlango, ingawa nchi nyingine za mtandao uleule bado ziko wazi kwake. Likizo fupi hazihesabiwi. Pia usiwe tayari na shahada ya uzamivu. Nafasi zenyewe hutangazwa kwenye tovuti ya EURAXESS.

Uingereza, tofautisha ufadhili unaolipa ada ya raia na unaolipa ada ya mgeni. Tangu 2021 mabaraza ya utafiti ya huko, UKRI, yanaruhusu wageni kupata ufadhili wao kamili, lakini kwa kikomo cha asilimia 30 ya nafasi, na fedha zao hazilipi tofauti kati ya ada ya raia na ya mgeni, kwa hiyo ni lazima ujue nani ataibeba. Uliza kwa maandishi. Tena, kwa fani kama vifaa, fizikia na uhandisi fulani, raia wa nchi nyingi wanatakiwa kupata kibali cha kiusalama cha kusoma fani hizo, kiitwacho ATAS, kabla ya kuomba viza, na muda wake wa kusubiri uingie kwenye hesabu ya tarehe ya kuanza.

Wanawake wanaotoka katika nchi zilizo nyuma kisayansi wasiisahau OWSD, jumuiya ya wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, iliyo chini ya mwavuli mmoja na TWAS, akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea iliyoko Trieste, Italia. Hulipia uzamivu katika sayansi asilia, uhandisi na teknolojia ya habari, katika nchi nyingine inayoendelea, na ina njia ya kubaki umesajiliwa nyumbani huku ukifanya vipindi vya utafiti katika taasisi mwenyeji.

Na anayekudai fedha ili akupe barua ya kukubaliwa, mfute.

Mwanakemia

Nawashukuru nyote, na hasa Mwalimu Mlezi. Sasa nimeelewa kwa nini matangazo yale mawili ya kwanza yalikuwa yanataka vitu vinavyopingana.

Bado nina mawili. Nafasi nyingi za ajira nikiziona zimebakiwa na siku chache, na nahisi kama watu wengine walikwisha kuzijua. Je, zinajulikanaje mapema? Pili, nimeona nafasi ya uzamivu ndani ya kampuni ya betri, kwa ushirikiano na chuo. Mshahara ni mzuri, ila rafiki zangu wanasema mtu wa kampuni hachapishi makala na mwisho hachukuliwi kama mtafiti. Ukweli ni upi?

Mlezi wa Maabara

La kwanza nalijibu mimi, la pili nawaachia wa viwandani.

Hisia yako ni sahihi. Tangazo huja mwishoni mwa mlolongo; mwanzo wake ni ruzuku, na ruzuku hutangazwa hadharani. Chukua mfano wa Baraza la Utafiti la Ulaya, ERC. Ruzuku yake ya watafiti wanaoanza hufika euro milioni 1.5 kwa miaka 5, ya ngazi ya kati milioni 2, na ya wabobezi milioni 2.5. Mtu aliyepata ruzuku kama hiyo hawezi kuitumia peke yake. Lazima aajiri watu wa uzamivu na watafiti wa baada ya uzamivu, na uajiri huo hufanyika zaidi katika mwaka wa kwanza wa mradi. Majina ya waliopata hutangazwa, na muhtasari wa miradi huwekwa kwenye hifadhidata ya CORDIS. Ujerumani kuna GEPRIS ya DFG, shirika la kufadhili utafiti, Marekani kuna hifadhidata za wafadhili wa serikali kuu, yaani ya tuzo za NSF na ile ya NIH iitwayo RePORTER, Uingereza kuna Gateway to Research. Andika humo "sodiamu", "kathodi", "betri" kwa lugha ya nchi husika au Kiingereza, panga kwa tarehe ya kuanza, na utapata orodha ya watu ambao sasa hivi wana fedha na hawana wanafunzi. Muhtasari wa mradi utakuambia pia msimamizi anataka kufanya nini katika miaka mitano ijayo, wakati makala zake zinakuambia alichofanya miaka mitatu iliyopita.

Hapo ndipo unapoandika barua pepe. Barua ninazopokea kwa wingi huanza kwa kunisifu na kumalizia kwa kuomba "nafasi yoyote". Hizo sizijibu, si kwa kiburi, bali hakuna cha kujibu. Barua ambayo ningeijibu siku hiyohiyo ingekuwa na kitu kama hiki:

"Mradi wenu mpya unahusu kuchakaa kwa kathodi zenye manganizi, ambapo tabaka hubadili mpangilio kadiri betri inavyochajiwa. Katika uzamili wangu niliiga kwa kompyuta mwendo wa ioni za sodiamu kati ya tabaka za aina hiyo, kisha nikalinganisha na vipimo vya maabara; viwili hivyo havikukubaliana pale sampuli ilipokuwa imevuta unyevu. Ningependa kujua kama katika mradi huu mnatarajia kuajiri mtu wa uzamivu atakayefanya vipimo na uigaji kwa pamoja. Naambatisha wasifu wa kurasa mbili na sura ya tatu ya tasnifu yangu."

Sentensi nne tu. Zinaonyesha umesoma mradi, si jina langu tu. Zinasema unachokijua kwa mikono. Zinataja mahali ambapo matokeo yako hayakukaa sawa, na hapo ndipo mtafiti hutambulikana. Na zinauliza swali ambalo naweza kujibu kwa ndiyo au hapana. Ukitaka kuongeza kitu, ongeza kiungo cha programu uliyoandika.

Kabla hujaituma, mchunguze huyo msimamizi. Tovuti ya kundi lake huorodhesha waliowahi kupita; tazama kama wanamaliza, wanamaliza kwa miaka mingapi, na wako wapi sasa. Wenzetu wa hisabati wana bahati: Mathematics Genealogy Project inaonyesha nani alisimamiwa na nani kurudi nyuma karne kadhaa, na sehemu ya watu wa kompyuta, takwimu na fizikia wamo pia. Nakiri kwamba ukianza kuipekua hiyo, jioni nzima itakwenda.

Fundi wa Hataza

Nilifanya uzamivu wangu nikiwa mwajiriwa wa kampuni, kwa hiyo hili la pili nalijua kwa ndani.

Mifumo ya aina hii ni ya zamani na inaheshimika. Ufaransa wana mpango wa CIFRE tangu 1981: kampuni inakuajiri kwa miaka 3, serikali kupitia shirika la ANRT inaipa kampuni ruzuku ya kila mwaka, na maabara ya chuo inasimamia sayansi. Denmark wana uzamivu wa viwandani wa miaka 3, ambapo unagawa muda kati ya kampuni na chuo. Mitandao ya Marie Skłodowska-Curie ina tawi la viwandani ambako angalau nusu ya muda unautumia nje ya chuo. Shahada inayotoka ni ileile, na baraza la utetezi ni la chuo.

Wanachosema rafiki zako kuhusu makala kina chembe ya ukweli, ila sababu yake ni ya kisheria na inaweza kupangwa. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki ugunduzi, hutolewa kwa kitu kipya. Katika mfumo wa Ulaya, ukichapisha ugunduzi kabla ya kuwasilisha maombi ya hataza, upya huo umekwisha papo hapo, hata kama mchapishaji ni wewe mwenyewe mgunduzi. Marekani humpa mgunduzi nafuu ya mwaka mmoja. Ndiyo maana kampuni inaomba kuisoma makala yako kabla haijatoka. Baada ya maombi kuwasilishwa, hakuna sababu ya kukuzuia, na kwa kawaida maombi yenyewe huwekwa hadharani miezi 18 baada ya tarehe ya kuwasilishwa. Makala inachelewa, haifi.

Hatari iko pale mkataba unaposema tu kwamba "uchapishaji utafanyika kwa idhini ya kampuni". Sentensi hiyo haina mwisho. Dai iandikwe kwamba kampuni ina idadi fulani ya siku za kusoma rasimu, kwamba ikinyamaza siku zikaisha idhini imehesabiwa kutolewa, na kwamba ikitaka kuchelewesha kwa ajili ya hataza ucheleweshaji huo una kikomo. Dai pia iandikwe kwamba tasnifu lazima itetewe kwa tarehe iliyopangwa. Sehemu nyeti zinaweza kufungwa kwa muda kwenye maktaba, lakini kikao cha utetezi hakipaswi kusubiri idara ya mauzo. Uliza pia ikiwa kampuni itabadili mkakati au kuuzwa katikati, nani ataendelea kukulipa hadi mwisho. Kampuni niliyokuwa nayo iliufunga mradi wangu katika mwaka wa pili, na kilichoniokoa ni kipengele kimoja kilichokuwa kimeingizwa na chuo, kwamba fedha za miaka yote mitatu zilikuwa zimekwisha kutengwa.

Na swali la kumuuliza meneja wakati wa usaili: "Data ghafi za vipimo vyangu zitakaa wapi, na nikimaliza nitaruhusiwa kuondoka na nini?" Akigeuza maneno, umepata jibu.

Binti Algoriti

Naongezea kuhusu usaili, kwa kuwa Mwanakemia anaelekea kuufikia.

Katika nafasi za ajira za Ulaya, kwa kawaida utaombwa uwasilishe tasnifu yako ya uzamili kwa dakika 10 hadi 20, kisha maswali. Watu hutumia dakika nane kueleza umuhimu wa nishati safi duniani, jambo ambalo kila aliyepo chumbani analijua. Ingia kwenye grafu yako moja muhimu mapema, na ueleze kila mhimili wake ni nini na kosa la kipimo ni kiasi gani. Wakikuuliza usichokijua, sema ungekijaribu vipi.

Baadaye, omba kuzungumza na wanafunzi wa kundi hilo bila msimamizi kuwepo. Mahali pazuri huliandaa hilo wenyewe. Usiwaulize kama wanafurahi, maana watasema ndiyo. Waulize msimamizi hurudisha rasimu baada ya muda gani, nani hupanga zamu za mashine kubwa, na mtu wa mwisho kuacha kabla ya kumaliza aliacha kwa sababu gani.

Ukipata nafasi mbili, usikubali kwa haraka ya hofu. Kwa Marekani kuna makubaliano ya vyuo vingi kwamba mwombaji aliyepewa ufadhili halazimishwi kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Ulaya hakuna tarehe ya pamoja, kwa hiyo ni lazima uombe muda mwenyewe, na kuomba wiki mbili si utovu wa adabu.

Mwanakemia

Nashukuru sana, dada, na wewe Fundi. Kampuni ile nimeiandikia nikiomba rasimu ya mkataba kabla ya usaili. Vilevile nimepekua CORDIS na kupata miradi miwili inayonifaa, ila wasimamizi wake wako katika idara moja. Ni sawa kuwaandikia wote wawili?

Mlezi wa Maabara

Kwa nafasi za ajira, mwandikie mmoja kwanza, yule ambaye mradi wake unauelewa vizuri zaidi. Asipojibu ndani ya wiki mbili au tatu, mkumbushe mara moja tu. Akiendelea kunyamaza, mwandikie wa pili na umweleze wazi kwamba ulianza kwa mwenzake, kwa kuwa bila shaka watazungumza. Shule za uzamivu zina utaratibu tofauti. Fomu zao huwa na nafasi ya kutaja majina kadhaa ya wasimamizi unaowapendelea, na huko jaza nafasi zote, kwa sababu kamati hutazama kama kuna zaidi ya mtu mmoja anayeweza kukupokea kabla haijatoa nafasi. Sura ya tatu ya tasnifu utakayoambatisha iwe na namba za kurasa na maelezo ya grafu yanayojitosheleza, maana ataifungua kwenye simu.